Shamba, Moto na Mzani

Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147 kwenye soko la dunia, na mbono kaburi ukapata wachumba ghafla. Ni mmea ambao watu wetu wameupanda miaka mingi kama ua wa boma na alama ya makaburi. Mbegu yake ina mafuta karibu theluthi ya uzito wake. Mbuzi hawaugusi kwa sababu una sumu, na kiangazi hakiuui. Kwa sifa hizo, wawekezaji waliamini wamepata dizeli inayoota kwenye ardhi isiyofaa kwa chakula.

Kisarawe, mkoani Pwani, Tanzania, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa mapema. Kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, kwa mkataba wa miaka 99. Ardhi hiyo ilikuwa na kazi zake: watu walikata kuni humo, walichoma mkaa, walichimba dawa, walichota maji. Kufikia 2011 shughuli zilisimama, mamia ya vibarua wakapoteza ajira, na wanavijiji wakabaki na ardhi ambayo haikuwa yao tena.

Kisa hiki kinaumiza kwa sababu maswali ambayo yangeweza kukizuia yalikuwa mepesi. Mbono uliopandwa ulikuwa bado mmea wa porini, haujachaguliwa vizazi kwa vizazi kama mahindi, kwa hiyo mche mmoja ulizaa na jirani yake ukatoa majani tu. Kuvumilia ukame si kuzaa wakati wa ukame. Kwenye udongo hafifu mbono huishi, lakini matunda ni ya kuhesabu. Tena matunda hayaivi pamoja. Kwenye tawi moja utakuta la kijani, la njano na jeusi lililokauka, hivyo mchumaji anarudi kwenye mti uleule mara kadhaa, na kila safari ni ujira. Ukishakamua mafuta, mashudu yana sumu, huwezi kumpa ng'ombe. Ekari chache za majaribio, misimu mitatu au minne, mzani na daftari la vibarua vingetosha kuonyesha kwamba hesabu haifungi.

Hiyo ndiyo kazi ya utafiti tumizi: kupima jambo mahali litakapofanyika, kwa udongo wa pale, jua la pale na bei za pale, kabla watu hawajatoa ardhi au fedha. Na jambo la kijijini halikai ndani ya fani moja. Linaanzia shambani kwa mtaalamu wa kilimo, linapita kwenye moto wa mhandisi wa nishati, linaishia kwenye mzani wa mfanyabiashara. Likikwama popote katika njia hiyo, limekwama lote. Zao linaloonyesha hivyo vizuri kuliko yote, Kisarawe na jirani yake Kibaha, ni muhogo.

Tuanze na ugonjwa. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea katika kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa ambao leo tunauita michirizi ya kahawia. Ni ugonjwa wenye hila. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, hujionyesha mapema: majani yanakunjamana na kuwa na mabaka, mkulima anajua ana tatizo. Michirizi ya kahawia inaweza kuacha shamba likiwa la kupendeza juu, majani ya chini yakiwa na umanjano kidogo kando ya mishipa, naye mkulima hudhani ni uzee wa jani. Anang'oa muhogo mnene, ganda safi. Anaukata katikati na kisu kinagota kwenye kitu kigumu kama kizibo: madoa ya kahawia yametapakaa ndani ya nyama nyeupe. Sehemu hiyo hailiki, haichemshiki, na ikisagwa inachafua unga wote. Wengi hung'oa mapema kukwepa hasara, na hivyo wanapoteza kilo ambazo muhogo ungeongeza kwa kukaa ardhini.

Dhidi ya magonjwa hayo mawili, watafiti wa Amani walichavusha muhogo kwa jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira unaojulikana kitaalamu kama Manihot glaziovii, kisha wakawachavusha machotara kwa muhogo tena na tena mpaka mizizi ikarudi kuwa ya kuliwa. Mpango ule ulifungwa mwaka 1957, lakini matunda yake hayakufungwa. Mbegu za machotara wake zilipelekwa Nigeria, na mche mmoja uliotokana nazo, namba 58308, ukawa mzazi wa aina nyingi zinazostahimili batobato Afrika Magharibi. Mwingine ulibaki mikononi mwa wakulima wa pwani yetu, ukapewa jina la Namikonga, na wanaozalisha aina mpya leo bado wanautumia kama chanzo cha ustahimilivu dhidi ya michirizi. Nataja miaka hii kwa makusudi. Mtu anayelalamika kwamba utafiti unachelewa kuleta faida aangalie Namikonga: kazi iliyoanza miaka ya 1930 ingali inalipa.

Kibaha ina sifa yake katika hadithi hii. Watu wengi wanaufahamu mji huo kwa shule, kwa hospitali ya Tumbi na kwa Shirika la Elimu Kibaha, lililozaliwa na mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963, au kwa kituo cha utafiti wa miwa ambacho leo ni sehemu ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Wachache wanajua kwamba Kibaha ndipo ulipowekwa pia mpango wa taifa wa kudhibiti wadudu kwa kutumia maadui wao wa asili. Kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo mweupe kama aliyepakwa unga, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufika Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980. Huku hakuwa na wa kumla. Mwaka 1981 adui yake alipatikana Paraguay: nyigu mdogo kuliko punje ya ufuta, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata, na funza anayeanguliwa humla kutoka ndani. Kazi ya kumzalisha na kumsambaza nyigu huyo barani Afrika iliongozwa na Hans Herren, Mswisi aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu hauzwi. Akishaachiwa huzaliana mwenyewe, anamfuata kidung'ata shamba kwa shamba, na mkulima wa Mzenga au Maneromango, kule Kisarawe, hahitaji kununua dawa wala kujua kwamba kuna mtu aliyemsaidia. Kwa maoni yangu hakuna utafiti uliomfikia maskini kwa haki kama huu.

Mbegu bora ni tofauti, kwa sababu mbegu ni lazima mtu aifanyie biashara. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja hekta inameza vipande 10,000. Shina moja kwa mwaka linatoa mbegu za mashina kumi hivi, wakati hindi moja linabeba mamia ya punje. Kwa hiyo aina mpya ikitoka kituoni, safari yake kufika vijijini ni ya miaka. Mashina ni mazito, hukauka yasipohifadhiwa kivulini, na jirani siku zote yuko tayari kukupa yake bure. Nani atanunua? Atanunua yule aliyekwisha kukata muhogo na kukuta kahawia. Nzi weupe wanaobeba virusi huirudisha hata mbegu safi kwenye ugonjwa baada ya misimu kadhaa, na hapo anarudi kununua tena. Ndiyo maana siku hizi kuna wazalishaji wadogo vijijini ambao mashamba yao hukaguliwa na TOSCI, taasisi ya taifa ya kuthibitisha ubora wa mbegu, nao huuza mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Shamba likishindwa ukaguzi, mashina hayauzwi kama mbegu, na hasara yote ni ya mzalishaji. Biashara ya namna hiyo inahitaji bima au mtaji wa kuvumilia, na sijaona swali hilo likipewa uzito unaolingana na ule wa vinasaba.

Sasa tuhamie kwenye moto. Muhogo uking'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu. Mishipa ya buluu hujitokeza na ladha inabadilika. Ukitaka kuuza mbali au kuuweka, lazima uukaushe. Na kukausha ni kazi ya nishati kuliko watu wanavyofikiri. Chukua kilo 1,000 za muhogo mbichi, ondoa maganda, unabaki na kama 800. Karibu theluthi mbili yake ni maji. Ili ufikie unga mkavu unaohifadhika, lazima kilo 480 hivi za maji ziondoke. Kila kilo ya maji inahitaji kama megajuli 2.5 ili igeuke mvuke, na kikaushi cha kawaida kinapoteza nusu ya joto lake. Ukikausha kwa mkaa peke yake, wenye megajuli 30 kwa kilo, utachoma takriban kilo 80.

Lakini ukiukwangua kwanza, ukautia kwenye mfuko na kuubana kwa mashine ya kukamua, zaidi ya nusu ya maji hayo hutoka kwa nguvu ya mikono. Zinabaki kama kilo 220 za kuyeyusha, na mkaa unashuka hadi chini ya kilo 40. Parafujo ya chuma na fremu, kazi ambayo fundi wa kuchomelea anaimudu, inaokoa nusu ya nishati. Kukwangua kuna faida ya pili iliyo muhimu zaidi. Muhogo una kemikali inayotoa sianidi, na chembe zake zinapopasuliwa, kimeng'enya kilichomo humohumo huivunja, sumu ikapotea hewani. Wakati wa ukame wa 1985 huko Tarime, watu waliokula muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka walipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu moja kwa moja bila kupona. Viwango vya kimataifa vinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Mashine ya kukwangua kwa hiyo ni chombo cha afya vilevile.

Je, jua? Pwani hupokea karibu megajuli 18 kwa siku kwenye kila mita ya mraba. Kikaushi cha jua kikitumia robo ya hizo, mita moja inayeyusha kilo 1.8 za maji. Kwa kilo zetu 220 unahitaji mita za mraba 120 na siku moja yenye jua kamili. Kipupwe, kati ya Juni na Septemba, hilo linawezekana. Masika haliwezekani, na rojo la muhogo likilala bila kukauka huchacha na kuota ukungu.

Ndipo mkaa unaporudi, na Kisarawe inaujua mkaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Ruvu Kusini na mashamba ya watu yamelisha majiko ya Dar es Salaam kwa miongo mingi. Katika tanuru la udongo, kuni zinachomwa bila hewa ya kutosha. Maji hutoka kwanza, halafu moshi, na makaa hubaki. Kuni mbichi hujiteketeza zenyewe kukausha maji yake, ndiyo maana kilo 100 za kuni mara nyingi hutoa mkaa wa kilo 12 hadi 20 tu. Tanuru la Casamance kutoka Senegal, lenye dohani ya mapipa ya chuma na kuni zilizokaushwa na kupangwa vizuri, linaweza kufikia 25 au zaidi. Lilifundishwa Tanzania na wachomaji wakalielewa. Wengi hawakuendelea nalo. Dohani ni nzito, na mchomaji huhama na miti. Tena miti yenyewe haimgharimu kitu, kwa hiyo kuokoa kuni kunamwongezea kazi bila kumwongezea pesa. Mhandisi alipima tanuru akasahau kupima bei ya mti.

Kosa hilohilo linaweza kurudiwa kwenye unga. Kwa mazoea kilo nne za muhogo mbichi hutoa kilo moja ya unga bora, kwa hiyo kilo ya unga lazima iuzwe zaidi ya mara nne ya bei ya muhogo, ukiongeza nishati, vibarua na usafiri. Kisarawe iko jirani na Dar es Salaam. Mwezi wa Ramadhani muhogo wa futari hupanda bei, na dalali yuko tayari kununua shamba likiwa limesimama, ang'oe mwenyewe. Mkulima mwenye akili atampa dalali. Kiwanda cha unga kilichopangwa kwa hesabu ya tani za wilaya nzima kitakaa bila malighafi katika mwezi huo, si kwa uvivu wa wakulima bali kwa sababu muhogo mbichi unalipa zaidi.

Ukitaka unga ulipe, utautengeneza wakati mbichi haulipi: nje ya mwezi wa futari, jua likiwa la bure, ukitumia muhogo mdogo na uliopinda ambao soko la mjini linaukataa. Hiyo ina maana ya kikaushi kinachofanya kazi miezi minne au mitano kwa mwaka. Kikundi kinachokinunua kwa mkopo kinapaswa kukipimia ukubwa kwa miezi hiyo, na benki nayo ipange marejesho yafuate msimu wa kukausha badala ya kudai kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, masika na kiangazi.