Bunia: Katika filamu za kung fu za zamani, heshima hutangulia ngumi

Bunia, Ituri – Mtoto akitoka kutazama filamu ya kung fu, iwe katika komine ya Mbunya au kwingine mjini Bunia, hurudi nyumbani akirusha mateke. Mzazi huona fujo tu. Lakini waliozitazama filamu za Hong Kong za miaka ya 1970 toka mwanzo hadi mwisho wanajua kwamba kupigana si yote. Mwanafunzi anamwinamia mwalimu wake, anachota maji, anaadhibiwa, anangoja.

Mfano ulio wazi ni The 36th Chamber of Shaolin, filamu ya kampuni ya Shaw Brothers iliyoongozwa na Lau Kar-leung mwaka 1978. Kijana anayeigizwa na Gordon Liu anakimbilia hekalu la Shaolin baada ya utawala kuua watu wake. Anachotaka ni kisasi. Watawa hawamfundishi ngumi, wanampa ufagio. Anaporuhusiwa kuchagua chumba cha mafunzo, anaomba cha juu kabisa, cha 35, na kushindwa palepale. Inabidi aanzie chini, abebe ndoo za maji huku mikono imenyooka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka huohuo, katika Drunken Master, Jackie Chan aliigiza kijana mkaidi ambaye baba yake anaamua kumkabidhi kwa mwalimu mkali ili anyooke.

Nyuma ya hadithi hizi kuna mafundisho ya kale ya Confucius: mtii mzazi, mheshimu mwalimu, jizuie. Kwa mtu wa Ituri hayo si mageni. Hapa pia kijana humwachia mzee kiti, na anayemjibu mama yake vibaya huambiwa hakulelewa.

Swali gumu ni kisasi, kwani filamu nyingi za aina hii zinajengwa juu yake. Hata hivyo, zilizo bora hazifichi gharama yake. Katika The Big Boss ya mwaka 1971, Bruce Lee ni kijana aliyemwahidi mama yake kwamba hatapigana tena. Ndugu zake wanapouawa, anaivunja ahadi, anamuua tajiri aliyehusika, kisha anajitoa mikononi mwa polisi. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972, analipiza kifo cha mwalimu wake. Anaporudi shuleni, anakuta wenzake wameuawa.

Bunia inaijua hesabu hiyo. Kati ya mwaka 1999 na 2003, kijiji kililipiza kisasi kwa kijiji, na maelfu ya raia walikufa. Watoto walivalishwa sare na kuitwa kadogo. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Makundi yenye silaha hayakuisha: mnamo Mei 2021, Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Hapo ndipo filamu hizi zinatofautiana na maisha ya vita. Katika kung fu, nguvu huja baada ya miaka ya utii, na mwalimu anaweza kumnyima mwanafunzi mwenye hasira. Bunduki haimwulizi mtoto kama amelelewa. Anaishika leo, na kesho anaogopwa na wazee waliomzidi umri mara nne.

Kijana wa Shaolin naye hakuacha kupigana, na adui yake alikufa. Lakini alipomaliza mafunzo hakuomba jeshi. Aliomba chumba cha 36, ambamo watu wa kawaida wangefundishwa kile ambacho watawa walijiwekea wenyewe.

Kwa hiyo mzazi anayechoka na mateke ya sebuleni asikimbilie kuzima televizioni. Anaweza kukaa na mtoto na kumwuliza: huyo shujaa wako, mwalimu wake alimfundisha nini kabla ya ngumi? Mtoto aliyetazama mwanzo wa filamu atakuwa na jibu. Aliyeruka mwanzo ili awahi mapigano, arudishwe mwanzo.