Tiba ya Leza kwa Mishipa ya Fahamu Iliyoumia: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Ajali ya bodaboda, jeraha la panga au sindano iliyochomwa mahali pasipostahili kwenye tako huweza kuumiza mshipa wa fahamu na kumwacha mtu na ganzi, maumivu ya kuchoma au mkono usioinuka. Baadhi ya matangazo huwaahidi watu hao kwamba miale ya leza itaiotesha mishipa yao upya. Katika makala haya tunaeleza leza hiyo ni nini, ushahidi uliopo, na kwa nini mgonjwa anapaswa kuulinda muda wake kabla ya fedha zake.

Leza hii ni nini?

Ni mwanga mwekundu, au mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, unaomulikwa juu ya ngozi. Nguvu yake kwa kawaida haizidi miliwati 500. Hivyo haikati wala haiunguzi kama leza ya upasuaji. Tiba hii ilianza miaka ya 1960 nchini Hungaria, ambako daktari Endre Mester aliona nywele za panya walionyolewa zikiota haraka zaidi pale alipomulika. Maelezo yanayotolewa na wanasayansi ni kwamba mwanga huo hufyonzwa na mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, na kuisaidia seli kujikarabati.

Ushahidi unasema nini?

Katika majaribio kadhaa ya maabara, mishipa ya panya iliyomulikwa ilipona vizuri zaidi. Kwa binadamu, ushahidi ni mdogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilitoa matumaini kwa watu ambao mishipa yao haikukatika kabisa, lakini lilihusisha wagonjwa 18 tu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, kuhusu mshipa unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, yaliona kuwa ushahidi wa manufaa ya leza hautoshi.

Ikumbukwe pia kwamba mshipa ulioshtuliwa bila kukatika mara nyingi hupona wenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Aliyelipia leza katika kipindi hicho anaweza kuamini kuwa ndiyo iliyomponya.

Kwa nini muda ni muhimu?

Mshipa wa fahamu huota kwa takribani milimita 1 kwa siku. Ukikatika sentimita 30 kutoka kwenye vidole, utahitaji miezi 10 au zaidi kuvifikia. Wakati huo wote misuli iliyokosa mawasiliano hunyauka, na ikipita miezi 12 hadi 18 uwezekano wa kuirejesha hupungua sana. Mshipa uliokatika kabisa kwa kawaida huhitaji upasuaji wa mapema. Leza haiunganishi ncha mbili zilizoachana. Mgonjwa anayesubiri matokeo ya leza peke yake anaweza kuupoteza muda ambao upasuaji ungemsaidia.

Tunakushauri yafuatayo:

1. Pimwa kwanza hospitalini, uelezwe kama mshipa umebanwa, umekatika kwa sehemu au umekatika kabisa.
2. Uliza kama kifaa kimesajiliwa, na kwa matumizi gani. Usajili wa kupunguza maumivu si uthibitisho kwamba kifaa kinaotesha mishipa.
3. Hakikisha wewe na mhudumu mnavaa miwani maalumu, kwa kuwa miale hii inaweza kudhuru macho.
4. Mweleze mhudumu kama una ujauzito au saratani.
5. Usiache dawa wala mazoezi ya viungo uliyoelekezwa na daktari.
6. Usilipe vipindi vingi kwa mkupuo, na udai stakabadhi.

Leza inaweza kutumika pamoja na matibabu mengine kwa ushauri wa daktari, lakini haichukui nafasi yake. Ukikuta tangazo linaloahidi uponyaji wa uhakika, tunakuomba utoe taarifa katika ofisi yetu iliyo karibu nawe, ukiwa na nakala ya tangazo hilo.