Je, Wajua? Masika ya Mlimani na Ukuta Wako

Moshi mjini hupata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka, lakini upande wa kusini wa Kilimanjaro, msituni kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, kipimo hupita milimita 2,000. Ndiyo maana nyumba za Marangu na Kibosho, kwenye mteremko huo wa kusini, huloa kuliko za mjini.

Msonge wa zamani wa Wachagga ulijengwa kwa akili kubwa: nyasi za paa zilishuka hadi karibu na ardhi, mvua isiuguse ukuta. Nyumba ya bloku na bati haina kinga hiyo. Ukiona plasta imevimba na rangi inabanduka chini ya ukuta, usikimbilie kupaka upya. Toka nje mvua ikinyesha, utazame maji ya paa yanaangukia wapi. Yakitua kwenye msingi, funga gata, uyapeleke kwenye tangi au mtaroni.

Kwenye mteremko, mtaro muhimu kuliko yote ni ule wa upande wa juu wa nyumba, yanakoshukia maji ya kihamba, yaani shamba la nyumbani.

Kagua pia misumari ya bati: ikae mgongoni mwa bati, si bondeni, na mpira wake usiwe umepasuka. Fanya hayo Februari. Masika huanza Machi.