Kuteleza na Kuserereka: Istilahi za Michezo ya Barafuni

Mnamo mwaka 1998 televisheni ya ITV ya Uingereza (isichanganywe na ITV ya Dar es Salaam) ilionyesha kipindi kilichoitwa Ice Warriors, ambamo washindani walipambana kwa mbio na kwa nguvu katika uwanja wa barafu. Kipindi hicho hakikudumu. Kilikoma baada ya mfululizo mmoja tu. Hata hivyo, kinamwachia mfasiri swali: mambo kama hayo yatajwe vipi kwa Kiswahili, hata mwalimu wa Vwawa au karani wa forodha wa Tunduma, ambaye barafu anaijua ya ndani ya jokofu, ayaelewe kama yalivyokusudiwa?

Swali hili si la anasa. Mwaka huo huo wa 1998 Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni ili ampongeze. Mwaka 2005 Hoteli ya Panari ya Nairobi ilifungua uwanja wa barafu, na hapo ndipo ilipokulia timu ya hoki ya Kenya Ice Lions. Habari kama hizi hapana budi zitangazwe, na kanuni za michezo hiyo zifasiriwe.

Yako mambo manne ya kuangaliwa.

(a) Aina ya kipindi. "Chemsha bongo" haifai, kwani hapa kinachopimwa ni viungo, si akili. "Mchezo wa televisheni" nao hudhaniwa kuwa mchezo wa kuigiza. Lililo wazi ni "kipindi cha mashindano".

(b) Barafu na jamaa zake. Barafu ni maji yaliyoganda. Theluji huanguka kutoka mawinguni. Jalidi, au sakitu, ni umande ulioganda juu ya majani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa kilele cha Kilimanjaro, kiongozi wake wa njia aliuita "baridi" tu. Hakukosea: alikitaja kitu kwa tabia yake. Lakini mfasiri wa kanuni hawezi kuishia hapo, kwa kuwa skii ni ya thelujini na hoki hii ni ya barafuni.

(c) Kihusishi. "Mashindano ya barafu" yaweza kufahamika kuwa barafu ndiyo inayoshindaniwa, hasa mahali ambapo neno hilo hutaja pia maji matamu yaliyogandishwa wanayouziwa watoto. Kiambishi -ni huondoa utata wote: "mashindano ya barafuni", "hoki ya barafuni".

(d) Kitenzi. Hapa ndipo penye hatari. Kuteleza, katika matumizi ya kila siku, ni ajali. Ndiyo maana twasema "kuteleza si kuanguka". Barafuni kuteleza ni ufundi. Kanuni ikisema, "Mchezaji akiteleza nje ya mstari atapoteza pointi," mwamuzi hawezi kujua kama anayeadhibiwa ni aliyevuka kwa kusudi au aliyeponyokwa na mguu, na mchezaji aweza kunyimwa ushindi kwa kosa la mfasiri. "Kuserereka" hakutoshi kuwa badala yake, maana huashiria mteremko, hali uwanja wa barafu ni tambarare.

Tunapendekeza, basi, kuteleza kubakie jina la ufundi, na mwenye ufundi huo aitwe mtelezaji. Ajali itajwe kwa "kupoteza mizani" au "kuanguka". Na kuserereka kutumike kwa skii ya mteremkoni. Kanuni iliyotajwa itasomeka: "Mtelezaji akivuka mstari kwa kusudi atapoteza pointi, akivuka kwa kupoteza mizani, hataadhibiwa."

Istilahi njema haimdai msomaji awe amekiona kitu. Humwezesha kukielewa kabla hajakiona.