Je, Wajua? Waridi la Mlima Elgon na Safari Fupi ya Bungoma

Je, wajua kwamba karibu na Kitale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hulimwa waridi linalouzwa ng'ambo? Husafirishwa kwa ndege maelfu ya kilomita, ilhali safari ya kutoka Kitale hadi Bungoma haifiki kilomita 100. Ua lililokatwa huanza kupoteza maji papo hapo, hivyo kila saa inayookolewa njiani huliongezea maisha; ndiyo sababu inafaa kuagiza waridi hili kwa muuza maua wa karibu. Watakaosema Bungoma kuna joto na matatu hazina jokofu wana hoja, lakini waridi lililokatwa alfajiri, likanyweshwa maji na kufungwa kwa karatasi yenye unyevu, hustahimili safari ya saa chache. Wengine huyaita maua anasa. Mbona basi tunayatafuta kila harusi na kila mazishi?