Si uchawi wala si damu ya mama

Mtaani kwetu yuko mama aliyeambiwa na wakwe zake kuwa mwanawe karogwa. Kabla hajatimiza mwaka, mtoto alivimba vidole vya mikono na miguu, macho yakawa manjano, usiku halali kwa maumivu. Alizungushwa kwa waganga hadi akaishiwa damu. Hospitali wakapima wakakuta ni selimundu, maradhi ambayo wengi tunayaita sikoseli. Lawama hazikuisha, zilihamia kwa mama: eti damu yake mbaya.

Hebu niieleze damu hiyo, maana wengi wetu seli tuliisoma shuleni, tukaichora kama yai la kukaanga, mtihani ulipopita tukaisahau.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba unaochagua kinachoingia na kinachotoka. Ndani mna saitoplazimu, majimaji mazito yenye vijisehemu vingi. Mitokondria ni jiko: humo chakula hugeuzwa nguvu kwa msaada wa oksijeni. Ribosomu ni mafundi wa kuunda protini. Kisha kuna kiini, kilichohifadhi DNA, yaani maandishi ambayo mafundi hao huyafuata. Yakiwa na kosa, nao hukosea.

Seli nyekundu ya damu ina kioja chake. Inapokomaa hutupa kiini chake, na mitokondria pia, ipate nafasi ya kubeba hemoglobini, protini inayoshika oksijeni kutoka mapafuni. Seli moja hubeba hemoglobini kama milioni 270. Na kwa kuwa haina mitokondria, haili oksijeni iliyopewa kubeba. (Laiti tuliowakabidhi mali ya umma wangekuwa hivyo!) Ina umbo la kisahani kilichobonyea katikati, tena ni laini, hujikunja ikapenya mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe.

Kwenye selimundu, kosa ni herufi moja tu ya DNA. Hemoglobini inayotokana nalo, ikishaachia oksijeni, hushikana ikawa nyuzi ngumu zinazousukuma utando mpaka seli ikapinda kama mundu. Seli hiyo hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Badala ya kuishi siku 120 hivi, hufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya manjano.

Kwa nini sisi wa Pwani? Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, aliona kwamba kosa hili limeenea Pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha sababu yake: malaria. Aliyerithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa nadra. Anayeugua ni aliyerithi kwa wazazi wote wawili.

Basi hiyo "damu ya mama" imetoka wapi? Bila mchango wa baba mtoto haugui. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa, na hesabu huanza upya kila mimba. Nasi tunaopenda kuozana binamu kwa binamu tuna sababu zaidi ya kujipima, kwani wa ukoo mmoja huenda wamerithi kosa moja. Posa ikija tunauliza nasaba, tabia na kazi. Kipimo cha damu hatukiulizi, nacho ni tone tu la damu.

Kwa aliye na mtoto anayeugua: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asikose kliniki wala dawa zake. Akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na chandarua asikikose hata usiku mmoja, maana kinga ya malaria ni ya mbebaji. Yeye mgonjwa malaria humuua upesi.