Ukitafuta Google Andika Hivi, Usije Ukalipia Kilicho Bure



Mkihama nyumba hapa Marekani, asiye raia anatakiwa kuwaarifu watu wa Uhamiaji (USCIS) ndani ya siku 10. Fomu yake ni AR-11, na ni bure. Lakini mtu akiandika kwenye simu "nimehama nyumba nifanye nini", anaweza kuletewa kampuni za kubeba mizigo, au tovuti za watu binafsi wanaotaka pesa ili wakujazie fomu hiyohiyo.

Google hulinganisha maneno yako na kurasa zilizopo. Kwa hiyo tumia maneno ambayo ofisi yenyewe inayatumia:

1. Usisimulie habari yote. Andika maneno machache ya Kiingereza, hasa jina au namba ya fomu: AR-11 change of address. Mara nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye barua uliyotumiwa.

2. Ongeza site:.gov mwishoni, bila kuacha nafasi katikati. Utaletewa tovuti za serikali peke yake. Mfano: replace Social Security card site:.gov. Kadi hiyo nayo hutolewa bure.

3. Taja jimbo lako. Leseni ya udereva na msaada wa chakula vina utaratibu tofauti kila jimbo. Mfano: SNAP apply Kentucky.

4. Maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za nukuu: "refugee travel document". Google itatafuta kurasa zenye maneno hayo kwa mpangilio huohuo.

5. Ukiona neno "Sponsored" juu ya jibu, hilo ni tangazo lililolipiwa. Kukaa juu hakulifanyi kuwa la serikali.

Wazazi, mkimtuma mtoto awatafutie, mpeni maneno haya ayaandike kama yalivyo, kisha mwangalie pamoja kama anwani ya tovuti inaishia na .gov.

Namba yako ya Social Security au ya Uhamiaji usiiandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Haisaidii kupata jibu.

Na ukurasa ukikuomba namba ya kadi ya benki, usilipe kwanza. Zipo fomu za serikali zenye ada, lakini ni vizuri kuhakikisha. Piga picha ya skrini, umletee mhudumu wako wa kesi. Kuuliza ni dakika chache. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi.